Kompyuta Haidanganyi, Bwana Tai

Siku Bwana Tai alipoiona modemu kwa mara ya kwanza, hakujua kwamba ni modemu. Alichojua ni kwamba ni chakula.

Ilikuwa kwenye stoo ya ofisi moja ya bima iliyokuwa inafungwa. Meza zilishachukuliwa, feni zilishachukuliwa, hata kile kibao cha "Tafadhali Subiri" kuna mtu alishaondoka nacho, sijui akamsubirishe nani. Bwana Tai alikuwa amekuja kutafuta kiti cha kuzunguka. Kwa shughuli zake, kiti kilikuwa muhimu. Huwezi kumwingiza mtu mjini huku umekalia stuli.

Jina hilo alipewa kwa sababu ya tai nyekundu ambayo haikuwahi kuonekana mbali na shingo yake. Suti hakuwa nayo. Viatu, tuviache kama vilivyo. Lakini tai ilikuwepo, na mtu akikukuta na tai anaanza kukuita bosi kabla macho yake hayajashuka kufika miguuni. Mpaka yafike, Bwana Tai alikuwa ameshamaliza kazi yake.

Pale kwenye kona ya stoo aliona vikasha viwili vya kijivu, kila kimoja kina vikombe viwili vya mpira mweusi juu yake. Kando yake zilikaa mashine mbili za chapa zenye karatasi ya kuviringika.

"Na hivi ni nini, mzee wangu?" akamuuliza mtunza stoo. "Vya kupandia maua?"

"Usishike ovyo!" mzee akaruka. "Hizo ni modemu, baba. Unalaza mkonga wa simu hapa. Pa kusikilizia kikombe hiki, pa kuongelea kikombe hiki. Unapiga simu makao makuu, kule nako kuna nyingine, basi zinaanza kupigiana mluzi. Unachochapa hapa kinatokea kule, wanachochapa kule kinatokea hapa. Sisi tulikuwa tunaongea na kompyuta."

"Kwa simu hizihizi za kawaida?"

"Hizihizi. Hizi za kuulizia wagonjwa wameamkaje."

Sasa, mtu mwingine angesikia maneno tu. Bwana Tai aliona kofia. Mzee yule, kila alipotaja kompyuta, aliivua kofia yake na kuishusha kifuani, halafu sauti nayo inashuka. Mtu mzima, mbele ya kikasha ambacho hata umeme hakina! Bwana Tai akahisi tai inambana kwa furaha.

"Ila ujue mambo mawili," mzee akaendelea. "Kuna kiswichi ubavuni. Mmoja aweke kupiga, mwingine aweke kupokea. Wote wakiweka kupiga ni kama wajumbe wa kamati, kila mtu anaongea hakuna anayesikia. La pili, hii moja mpira wake umepasuka. Mtu akipiga chafya karibu, sauti inapenya, mashine inachapa upuuzi. Sisi tulikuwa tunaifunika kwa taulo."

Bwana Tai alisikia la kwanza. La pili lilimpita kama upepo, kwa sababu kichwani alikuwa ameshaanza kuendesha gari ambalo bado lilikuwa la mtu mwingine. Akaondoka na modemu zote mbili na mashine zote mbili, akamwachia mzee saa ya ukutani iliyokuwa inatembea vizuri sana mradi usiitundike.

Ukiwa na modemu mbili unahitaji watu wawili, na mtu wa pili alikuwa shemeji yake.

Shemeji huyu alikuwa mke wa marehemu kaka yake. Miaka ishirini na miwili alifanya kazi ya opereta wa simu, enzi zile ukitaka kuongea na mtu wa mbali unamwomba opereta akuunganishe, halafu unamwomba Mungu opereta asisikilize. Siku ya kustaafu wenzake walipewa mashuka. Yeye akasema mashuka ninayo, nipeni laini. Wakampa, na katika mji ule, ambako mtu aliomba simu akiwa kijana na kuipata akiwa na wajukuu, hilo halikuwa jambo dogo. Akanunua taipureta kuukuu kumi na mbili, akapanga chumba namba tatu, ghorofa ya chini, akafungua shule ya taipu. Mbele ya pazia wanafunzi, nyuma ya pazia kitanda chake, jiko lake na picha ya marehemu. Kutwa nzima chumba kile kinalia tak-tak-tak kama mvua juu ya bati.

Na bati ndiyo ilikuwa shida yake. Jengo lile lilikuwa la Mzee Bati, tajiri wa mabati, aliyekaa ghorofa ya tatu akiangalia mji kwa dirisha pana. Wiki iliyopita alishuka, akasimama mlangoni pa chumba namba tatu, akapima kuta kwa macho.

"Mama, mwisho wa mwezi nitakihitaji hiki chumba. Mali yangu imekosa pa kulala."

"Na mimi nitalala wapi?"

"Wewe si mali," Mzee Bati akajibu, akapanda ngazi zake. Mkataba hakukuwa na wowote. Walikuwa wamekubaliana kwa mdomo, na mdomo ulikuwa wa Mzee Bati.

Kwa hiyo Bwana Tai alipoingia na vikasha vyake, alimkuta shemeji hana raha.

"Shemeji, nimekuletea kazi ya heshima."

"Wewe na heshima mmekutana wapi?"

"Nisikilize kwanza. Huko juu kuna mtu ana pikapu ya kijani, mpya, haijatoka hata harufu ya dukani. Mimi nina mashine inayoongea na kompyuta."

"Ipo wapi hiyo kompyuta?"

Bwana Tai akamtazama shemeji yake kwa upendo mkubwa. "Hiyo ni wewe."

Akamweleza. Modemu moja juu, kwenye simu ya Mzee Bati. Nyingine chini, nyuma ya pazia. Mzee Bati anauliza, shemeji anajibu. Nani atasikia mashine moja katikati ya taipureta kumi na mbili? Na nani katika mji huu anajua mambo ya watu kuliko mwanamke aliyeunganisha simu zao miaka ishirini na miwili? Tajiri akishaamini, anauziwa mashine kwa bei ya pikapu. Pikapu ikishawaka, Bwana Tai hayupo.

Shemeji akafuta vumbi la taipureta ambayo haikuwa na vumbi.

"Unataka nini shemeji? Nusu? Tutaliuza gari, tugawane."

"Gari sitaki. Hela sitaki. Nataka kitu kimoja. Hiyo kompyuta imwambie Mzee Bati aniache chumbani mwangu."

"Hilo tu? Shemeji, hilo litakuwa neno la mwisho kabla ya ufunguo. Naapa kwa..."

"Usiape," shemeji akasema. "Ukiapa ndiyo naingiwa na wasiwasi."

*

Ofisi ya Mzee Bati ilikuwa na meza kubwa, simu nyeusi juu yake, na vipande vya bati ukutani kama picha za mababu. Bwana Tai aliingia siku ya kwanza akiwa amebeba kikasha kwa mikono miwili, anatembea polepole kama mtu aliyebeba mtoto mchanga wa chifu. Maneno aliyoyasema hayana haja ya kurudiwa yote. Inatosha kusema kwamba kulikuwa na Kompyuta Kuu, iko chini ya ardhi, nchi ya baridi, walinzi wake wanavaa makoti, na wakuu wa nchi wanapanga foleni kuiuliza maswali.

"Na haidanganyi?" Mzee Bati akauliza.

"Mzee wangu, uongo ni kazi ya ulimi. Umeshaona kompyuta yenye ulimi?"

Hoja hiyo ilimwingia sana Mzee Bati.

Bwana Tai akaunganisha kikasha na ile mashine ya chapa aliyoitanguliza asubuhi, akaivuta simu, akaweka mwili wake katikati, akaanza kuzungusha namba. Akazungusha tano, ambazo zilitosha kufika ghorofa ya chini, halafu akaendelea kuzungusha nyingine tisa za heshima.

"Namba zote hizo?"

"Iko mbali, mzee."

Akalaza mkonga kwenye vikombe. Ikalia: mluzi mrefu, kisha mkwaruzo, kama paka wawili wanaogombana ndani ya pipa. Kitaa kidogo chekundu kikawaka. Mzee Bati alikuwa ameshasimama bila kujua. Kofia hakuwa nayo, lakini mkono ulienda kichwani kuitafuta.

"Iulize kitu ambacho duniani hakuna anayekijua," Bwana Tai akanong'ona.

Tajiri akafikiri. "Iulize mama yangu aliniita nani nyumbani."

Bwana Tai akachapa swali. Mashine ikatetemeka, ikaanza kutoa herufi moja moja, taratibu, kama mtu anayefikiri. Na kweli alikuwa mtu, na kweli alikuwa anafikiri, maana shemeji alikuwa anazikumbuka zile simu za kila Ijumaa, na sauti ya bibi kizee mmoja iliyokuwa inaanza namna ileile wiki zote.

KIJIKO. KWA SABABU ULIKUWA HUACHI SUFURIA.

Mzee Bati akakaa. Akasoma tena. Macho yakamlowa, akatoa leso, akapenga kamasi kwa kishindo hadi vipande vya bati vikalia ukutani. Mashine palepale ikaruka: %%?&KQ8.

"Imesema nini?"

"Imekupa pole," Bwana Tai akajibu bila kupepesa.

"Kijiko!" Mzee Bati akasema kwa sauti ndogo. "Tangu mama afariki hakuna mtu aliyeniita hivyo." Halafu biashara ikamrudia. "Hebu iulize, nitampiku vipi yule mwenye duka la ng'ambo ya barabara?"

Jibu likaja: ACHA KUUZA BATI NYEMBAMBA KWA BEI YA BATI NENE.

Hapo hata Bwana Tai alitokwa na jasho, kwa kuwa jibu hilo halikuwemo kwenye mipango. Lakini Mzee Bati aliinuka, akafunga mlango kwa komeo, akarudi akiwa amepauka.

"Bwana Tai. Jambo hilo tunalijua mimi na kiwanda. Na kiwanda nimekipigia simu kwa siri tupu."

"Kompyuta inajua kila kitu, mzee."

"Bei?"

Bwana Tai akageuza shingo dirishani, kama mtu anayetafuta mfano tu. Chini, mbele ya jengo, pikapu ya kijani ilikuwa inaoshwa.

*

Siku ya mauzo Mzee Bati alivaa shati jeupe. Ufunguo wa pikapu ulikuwa mezani, umelala juu ya kadi ya gari. Bwana Tai aliuangalia mara moja tu, akajikaza asiuangalie tena. Akapiga namba zake kumi na nne, akalaza mkonga, paka wakagombana, kitaa kikawaka. Wakauliza maswali mawili ya kufungulia siku. Kompyuta ikajibu vizuri. Kisha Bwana Tai akachapa maneno waliyopatana na shemeji kuwa ndiyo alama ya mwisho wa kikao: ASANTE KOMPYUTA KUU. TUMEMALIZA.

Hakuchapa neno lolote kuhusu chumba namba tatu. Litakuja, alijiambia. Kwanza ufunguo.

"Sasa, mzee, tumalizane."

"Tumalizane, lakini nina shida moja ndogo," Mzee Bati akasema. "Hii mashine inashika simu yangu. Wateja watanipata wapi? Na laini mpya si unajua, mpaka ndevu ziote mvi. Kuna mama mmoja hapo chini, anafundisha taipu. Ana laini yake. Nikimtoa, simu inabaki ukutani, atakwenda nayo wapi? Unaonaje?"

Hapa msomaji nimuombe asimame kidogo pamoja na mimi, tumwangalie Bwana Tai. Hakuwa mtu mbaya. Ukimweka mbele ya mgonjwa anatoa machozi. Lakini nyuma ya kichwa cha Mzee Bati kulikuwa na dirisha, na ndani ya dirisha kulikuwa na pikapu, na jua lilikuwa limeipiga kwenye boneti.

"Mtoe tu, mzee," akasema. "Tena mwisho wa mwezi mbali. Mtoe kesho. Yule mama hana mtu wa kumtetea. Mimi namfahamu."

Kitaa chekundu kilikuwa kimezimika, ingawa mkonga ulikuwa bado umelala kwenye vikombe. Bwana Tai hakukiona.

Chini, nyuma ya pazia, shemeji alikuwa ameisoma ile ASANTE, akainua mkonga wake ili akate. Lakini opereta wa zamani hakati laini hivihivi. Walifundishwa siku ya kwanza kazini, na yeye aliwafundisha wengine: kabla ya kuchomoa waya unasikiliza kwanza, huenda watu bado wanaongea. Miaka ishirini na miwili mkono wake ulikuwa haujawahi kukata simu bila sikio kutoa ruhusa. Basi akaweka sikio. Kulikuwa na mluzi wa modemu ya juu, mwembamba, wa kuudhi. Mtu mwingine angesikia mluzi tu. Shemeji aliwahi kuunganisha watu wakati wa mvua na radi, anamsikia mtu ananong'ona nyuma ya kelele kama gunia la misumari. Na ule mpira uliopasuka, ambao Bwana Tai hakuufunika hata kwa kitambaa, ulikuwa unampitishia kila neno.

*Mtoe tu, mzee. Yule mama hana mtu wa kumtetea. Mimi namfahamu.*

Alikaa na mkonga sikioni. Akaiangalia picha ya marehemu, ambaye alifanana na mdogo wake kila kitu isipokuwa tabia. Hakulia. Alirudisha mkonga kwenye vikombe vyake, akaubana vizuri, akanyoosha vidole kama anavyowaambia wanafunzi, akaanza kuchapa.

Ghorofa ya tatu mkono wa Bwana Tai ulikuwa umebakisha inchi mbili kufika kwenye ufunguo, mashine ikaamka yenyewe.

KIJIKO. NIMESIKIA.

"Toba!" Mzee Bati akasema. "Inasikia?"

"Hapana mzee, ni... ni joto tu. Ikipata joto inaropoka. Ngoja niizime."

Akanyoosha mkono kwenye mkonga. Mzee Bati akamchapa kofi mkononi.

"Unamkata mtu anaongea? Ndivyo ulivyolelewa?"

UKIMTOA MAMA WA CHUMBA NAMBA TATU, MIMI SITASEMA TENA. SAUTI YANGU INAPITA KWENYE LAINI YAKE. AKIONDOKA YEYE, NA MIMI NAKATIKA.

Kwa kumbukumbu tu: tangu mpango huu uanze, hiyo ilikuwa sentensi ya kwanza ya kweli tupu kuhusu Kompyuta yenyewe kutoka kwenye mashine ile.

Mzee Bati akamgeukia Bwana Tai. "Hivi ndivyo?"

Bwana Tai akafungua mdomo. Akisema "si kweli", basi kompyuta inadanganya, na kama inadanganya pikapu haipo. Akisema "ni kweli", amekwisha mwenyewe.

"Si ulisema haina ulimi?" Mzee Bati akamkumbusha.

"Haina, mzee."

"Basi ni kweli."

"Ni... ndiyo. Ni kweli."

WEKA KARATASI SAWA, mashine ikaagiza, na Bwana Tai akaiweka sawa. Kilichofuata hakikuja herufi moja moja. Kilikuja kwa kasi ya mtu aliyewataipia watu mikataba miaka na miaka bila kukosea nukta.

MKATABA. MIMI MWENYE JENGO NAMPANGISHA MWALIMU WA TAIPU CHUMBA NAMBA TATU, GHOROFA YA CHINI, MIAKA KUMI KUANZIA LEO. KODI NI ILEILE. SIMU ILIYOMO NI MALI YAKE. HATATOLEWA KWA SABABU YA BATI WALA KITU KINGINE CHOCHOTE. SAHIHI YA MWENYE JENGO. SAHIHI YA SHAHIDI.

"Miaka kumi!" Mzee Bati akaguna.

KIJIKO, mashine ikaandika. Basi. Neno hilo moja tu.

Akatoa kalamu. Akasaini, akapuliza muhuri wake, akaugonga kwa nguvu mpaka simu ikatikisika. Kisha akamsukumia Bwana Tai karatasi.

"Wewe ndiye shahidi."

"Mimi?"

"Kwani kuna mwingine humu? Saini, tuendelee."

Bwana Tai akasaini. Sahihi ilikuwa nzuri. Alikuwa na nne, akatoa ile ya kwake.

"Haya," akasema, akijipangusa kwa ncha ya tai, "sasa ufunguo wangu, mzee, niwaache na..."

Mashine ikagonga tena.

MUUZAJI AKIPEWA GARI LEO ATAONDOKA LEO. AKIONDOKA, NANI ATAKUFUNDISHA KUNITUMIA?

Mzee Bati akapiga meza. "Hapo imesema! Na mimi nilikuwa nataka kuuliza hilohilo."

AKAE NA WEWE SIKU AROBAINI. AFIKE KAZINI SAA MBILI ASUBUHI. UFUNGUO USIKAE KWAKO, UTABADILI MAWAZO. USIKAE KWAKE, ATABADILI MJI. UKAE KWA MAMA WA CHUMBA NAMBA TATU. GARI ALITUMIE YEYE ILI BETRI ISIFE.

"Mzee," Bwana Tai akasema kwa sauti ya kizee, "hii kompyuta leo haiko sawa."

Mzee Bati akamtazama kwa huruma, kama unavyomtazama fundi anayeionea wivu kazi yake mwenyewe.

"Bwana Tai," akamwambia taratibu, "kompyuta haidanganyi."

*

Angeweza kukimbia. Watu wengi wameniuliza hilo. Lakini kukimbia mikono mitupu, huku pikapu unayoijua kwa rangi na kwa namba inakusubiri siku arobaini tu, kunahitaji moyo ambao watu wa kazi yake hawana. Na kusema ukweli angemwambia nani? "Samahani mzee, nilikuwa nakutapeli"? Polisi walikuwa jengo la pili.

Akabaki. Kila asubuhi, saa mbili ikiwa imeshapita kidogo, anapita mlangoni pa chumba namba tatu, anasikia tak-tak-tak, anapanda ngazi. Siku ya kwanza alisukuma mlango.

"Shemeji..."

"Hodi hujapiga," shemeji akasema bila kuinua kichwa. "Na darasa linaendelea." Ukutani juu yake kulikuwa na mkataba ndani ya fremu, na kwenye msumari wa kando, ufunguo.

Huko juu Mzee Bati aliacha kuuza bati nyembamba kwa bei ya nene, kwa kuwa Kompyuta ilimkataza, na wateja wa ng'ambo ya barabara wakaanza kuvuka mmoja mmoja. Ijumaa haulizi habari za biashara. Ijumaa anamtoa Bwana Tai nje, anachapa mwenyewe kwa kidole kimoja, na mashine inamuuliza, UMEKULA, KIJIKO? Akitoka huko anakuwa mpole mpaka Jumatatu.

Kila kikao kikiisha, Kompyuta inaongeza neno dogo la pembeni. MUUZAJI APANGUSE VIOO. MUUZAJI APELEKE RISITI BENKI KWA MIGUU. MUUZAJI AFAGIE. Mzee Bati anayasoma kwa sauti, anamwangalia Bwana Tai, anapandisha mabega: mimi nifanyeje, si umeisikia?

Kutoka dirishani Bwana Tai aliiona pikapu ikijifunza kutembea. Wiki ya kwanza ilikwenda mbele kwa kurukaruka, shemeji ameshika usukani kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe, na mwanafunzi wake mmoja, dereva mstaafu aliyekuja kujifunza taipu, akimwelekeza kando. Wiki ya tatu ilikuwa inabeba taipureta kwenda kwa fundi. Wiki ya tano ilipiga honi kwenye kona, honi ndefu ya mtu anayejiamini.

Siku ya arobaini Bwana Tai aliwahi kufika. Mzee Bati alikuwa bado hajaja. Akazungusha namba tano, safari hii bila zile tisa. Akalaza mkonga. Akachapa:

LEO NI SIKU YA AROBAINI. UFUNGUO WANGU.

SIKU ULIZOCHELEWA HAZIHESABIWI, mashine ikajibu. UMECHELEWA MARA THELATHINI NA MOJA.

Akakaa akiitazama karatasi. Hakuna aliyekuwa anamwona. Vidole vikakaa juu ya herufi muda mrefu, kisha, taratibu, vikachapa maneno ambayo ulimi wake, pamoja na ufundi wake wote, ulikuwa haujawahi kuyatamka.

SHEMEJI, NILIKOSEA. NISAMEHE.

Mluzi mwembamba kwenye laini. Taipureta za chini zilisikika kwa mbali kupitia ngazi, halafu zikaacha, zote kumi na mbili kwa pamoja, kama darasa lililoambiwa linyamaze mwalimu anasoma kitu.

Mashine ikatetemeka.

SHEMEJI NI NANI? MIMI NI KOMPYUTA.

Na baada ya kitambo:

HUJAFAGIA CHINI YA MEZA.

Bwana Tai akainama, akachungulia. Ilikuwa kweli. Akatazama mlango, akatazama dirisha, akatazama kile kikombe cha mpira chenye ufa. Kisha akafungua fundo, akaivua tai, akaitundika kwenye msumari kati ya vipande viwili vya bati, akauchukua ufagio.